Mwendo wa Nyumba Inayoungua

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Dada alishusha upinde wa selo yake, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, katikati ya wimbo, akawaacha wenzake waendelee bila yeye. Okestra nzima ilimwita Dada, hata waliomzidi umri. Alikuwa amechoka. Si mikono, alijiambia; roho.

Aliyesimama mbele na kijiti cha kuongozea alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemfundisha kusoma noti, na ndiye aliyemwambia kwamba mtunzi akishaandika, mwongozaji si mwenye mali, ni mtumishi tu. Sasa tazama. Mtunzi ameandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: kwa kasi, kwa hofu. Wimbo ameuweka katika ufunguo ule wa huzuni, ambao hata mtoto akiusikia anamtafuta mama yake. Ni wimbo wa watu wanaoikimbia nyumba inayoungua. Na mdogo wake anauongoza kama msafara wa mazishi.

"Watu wa nyumba inayoungua hawatembei," Dada alimwambia wakati wa mapumziko. "Wanatoka mbio."

Mdogo wake alipanga karatasi zake, akasema kwamba moto mwingine huwaka taratibu. Jibu gani hilo? Dada alimtazama mvi zilizoanza kumwota juu ya masikio, akamwonea uchungu. Kumbe uzee umemwahi huyu kabla yangu, aliwaza.

Tena haikuwa mwendo tu. Kipande cha katikati, chenye noti zinazomiminika, kiliandikwa kipigwe na selo peke yake, lakini mdogo wake alikichukua akakipa klarineti. Eti kilihitaji pumzi. Dada alikuwa amekifanyia mazoezi nyumbani mpaka vidole vikavimba, na vidole vyenyewe siku hizi asubuhi havitaki kukunjuka, kwa sababu ya baridi ya kile kiyoyozi cha ukumbini. Alimeza. Ila yapo ya kumeza na yapo yanayokwama kooni.

Akaanza kuwasemesha wenzake mmoja mmoja: twendeni kwa meneja. Kila mtu alikuwa na udhuru. Mpiga ngoma alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Binti anayekaa ubavuni pake, anayemfunulia karatasi, alisema yeye mwendo huu unamfaa kabisa, na aliyasema hayo huku anaangalia sakafu. Waoga, Dada aliwaza. Wanamwogopa mtu ambaye mimi nimemfuta kamasi.

Basi akaenda peke yake. Njiani alilia, maana kumshtaki ndugu yako si jambo la mchezo. Meneja alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema kwamba mtunzi naye amekuja na malalamiko hayo hayo. Kesho angehudhuria mazoezi mwenyewe. Mwongozaji akishindwa kuuongoza wimbo jinsi ulivyoandikwa, atatafutwa mwingine.

Kesho yake meneja alikaa safu ya mbele, akapishanisha miguu, akataka wimbo upigwe kwa mwendo wa mtunzi, mwanzo hadi mwisho. Watu walijikohoza, wakatazamana. Mwongozaji alishuka kwenye jukwaa lake dogo, akaja hadi kwenye kiti cha Dada, akainama.

"Dada, nakuomba. Mwambie meneja tuuache kwa mwendo wetu wa kila siku. Lawama nitabeba mimi."

"Leo ni leo, msema kesho mwongo," Dada alimjibu kwa upole, maana alijua anamwokoa. "Unaweza, mdogo wangu. Nilikufundisha mwenyewe."

Mdogo wake akarudi mahali pake.

Kijiti kiliposhuka, moto ukawaka. Kumbe ndivyo ulivyokuwa wimbo wenyewe! Dada alifumba macho, kwa kuwa wimbo wote alikuwa nao kichwani. Fidla zilipiga mayowe, besi zikanguruma kama paa linalobomoka, na yeye akavuta upinde kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Ameweza, aliwaza, mdogo wangu ameweza, kazi yake imepona. Baadaye alisikia fidla zikimtangulia, halafu klarineti, halafu hata yule binti wa ubavuni. Wameshikwa na kiherehere hawa, aliwaza. Hasira za mdogo wangu zinawapeleka puta. Yeye akaushikilia mwendo wa haki, kama mkubwa anavyopaswa, asije akawa wa kulaumiwa.

Wimbo ule unaisha kwa pigo moja la vyombo vyote, halafu kimya. Pigo likaja. Kimya kikaja. Dada alikuwa bado na nusu ukurasa.

Alipofumbua macho, wote walikuwa wameshaweka vyombo mapajani. Mdogo wake peke yake hakuwa ameshusha kijiti. Alikuwa amemgeukia yeye, anamhesabia taratibu, kwa mwendo ule ule wa kila siku.