Chokaa ya Jicho Langu

Wallahi, hili ni kweli tupu. Tezi ya shingoni iliharibika, ikanijaza chokaa hadi kwenye kioo cha jicho. Daktari aliikwangua kwa dawa, sasa naona hadi sisimizi. Ila kwa sheria ya siku hizi, chokaa ya jicho huoneshwa ukutani mbele ya mkeo, maana imehifadhi yote uliyowahi kuona. Nikakaa kifua mbele. Mke wangu Mwanakheri angeona nilivyopika pilau ya harusi yetu peke yangu! Nimeisimulia mno, hata mwenyewe niliamini.

Ukutani akatokea jirani Shomari akikoroga sufuria ya pilau ile, mkono wangu ukileta mwiko mdomoni.

“Miaka arobaini unanidanganya, Baba Salha?”

“Nilikuwa naonja chumvi!”

“Haya, leo utapika.”

Sasa namenya vitunguu. Kesho linakwanguliwa jicho la pili, na Mwanakheri keshaalika majirani.