Msalaba wa Punda

Alikuwepo Punda aliyeringia msalaba wa manyoya meusi uliokuwa mgongoni mwake. Siku moja, akiwa amebeba mawe ya ukuta wa mji, alimkuta Pundamilia akila majani.

"Mshenzi we! Hata Mungu humjui," alimwambia. "Babu yangu ndiye aliyempeleka Bwana Yesu mjini, ndiyo maana nami nautumikia mji."

"Wakampokea?"

"Kwa matawi na nyimbo!"

"Halafu?"

Punda akasita. "Wakamtoa nje ya ukuta, wakamsulubisha."

"Na mawe ya ukuta huo aliyabeba nani?" Pundamilia aliuliza kwa upole.

Mgongo ulimuuma Punda, pale pale penye msalaba. Akajitikisa mpaka mawe yote yakaporomoka.

Jioni waashi walimsubiri mpaka wakachoka, na ukuta ukabaki na pengo.