Miaka ya Posho

“Usinikodolee macho hivyo,” alisema Khawla. “Watajua.”

Gari lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu, wameshaupita mtaa wa Ghubra. Khawla alikuwa amemgeukia mdogo wake uso kwa uso, mikono bado ipo kwenye usukani. Muhsina akaitikia kwa kichwa. Taa ikawa kijani, dada mtu akatazama mbele, na tangu hapo hapakuwa na mazungumzo mpaka hospitali.

Nje jua lilikuwa likiyeyusha lami, lakini khofu ilikuwa imevifanya vidole vya Muhsina, ndani ya mikono ya abaya, baridi kama vya maiti.

Miaka sita nyuma, homa ya uti wa mgongo ilimlaza kitandani. Alikuwa akitunza maktaba ya skuli ya wasichana, keshatumikia miaka mingi, pensheni imebakia kidogo tu aifikie. Alitoka hospitali hai, lakini madaktari waliandika kuwa masikio yake yamekufa. Kazi ikaisha, akapewa posho ya ulemavu, akahamia mtaa wa Mabela kwa dada yake, maana mumewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki na mtoto hakujaaliwa.

Basi mwaka huu jirani yao, Hamdiya, alikuja kuleta halua, akasimama mlangoni na Khawla. “Huyu mdogo wako mbona simwoni kama kiziwi?” alisema. “Mie nikimsemesha ananijibu vizuri tu.”

Aliyasema kwa kucheka, lakini maneno hayo ndiyo yaliyoanzisha mambo yote.

Aliyewaeleza mambo yalivyo ni Yazid, binamu yao, ambaye kazi yake ni kwenye ofisi ya mafao. Alikaa nao sebuleni, kikombe cha kahawa mkononi.

“Wakiona anasikia, posho inakatwa na anarudishwa kazini,” alisema. “Na mjue jambo moja. Ile miaka ya posho haiingii kwenye pensheni. Inayohesabiwa ni ya kazi tu. Na posho yenyewe, akishafika umri wa uzee, inasimama.”

“Kwa hivyo miaka yote hii sita?” aliuliza Khawla.

“Kama hakuiishi.”

Tangu siku ile Muhsina hakupata usingizi wa raha. Alijiona mkongwe, hana posho, hana pensheni, anamngoja dada yake, naye mkongwe zaidi, amtilie wali kwenye sahani. Na dada akitangulia yeye? Hapo mawazo yake yalikuwa yakisimama, hayataki kwenda mbele.

Jalada lake likafunguliwa upya, siku ya kuonana na madaktari ikapangwa, na hao dada wawili wakaanza mazoezi. Kila wakisha kusali alasiri, Khawla huweka kiti katikati ya sebule akajifanya daktari. Aliuliza kwa haraka, akauliza polepole, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa kuchanganya yote mawili.

“Sasa umetulia mno. Mtu wa kweli hatulii hivyo.”

“Basi nfanye vipi?”

“Jikune. Angalia dirishani kidogo. Lakini usipitiwe!”

Siku moja Khawla aliliacha zoezi katikati, akakaa chini, akalia. “Tunaidanganya serikali, Muhsina. Na njia ya muongo fupi.”

“Nnajua, dada. Lakini nna njia gani nyengine?”

Leo, kwenye chumba cha kungojea, macho ya Muhsina hayakubanduka kwenye kioo cha namba. Namba yake ilipotokea, aliinuka. Khawla hakuruhusiwa kuingia naye. Alimbana mkono tu, midomo yake ikisoma dua.

Ndani walikuwamo watu watatu: Daktari Kheiria, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ndiye mkubwa wao, nesi mmoja, na daktari kijana aliyefunga barakoa ya hospitali mpaka chini ya macho. Muhsina alipoiona barakoa ile moyo ulimwenda mbio. Mtu usiyemwona uso huwezi kujua anataka nini.

Lakini muulizaji alikuwa Daktari Kheiria, naye aliuliza kwa upole. Alianza kwa Kiarabu, kisha akamgeuzia Kiswahili huku akitabasamu, maana hata yeye wazee wake walitoka Unguja. Maswali yakaenda kama yalivyokuwa yakienda nyumbani. Muhsina hakukodoa, hakutulia mno, alijikuna pale pa kujikuna. Wanaotiliwa shaka hupelekwa kwenye mashine ya kupima masikio, na mashine haikutajwa. Daktari Kheiria akainama, akaanza kuandika.

Muhsina akahisi pumzi zinamrudia.

Ndipo yule kijana aliponyanyuka. Akapita ubavuni mwa meza, akazunguka, akapotea nyuma ya kiti.

Shingo ilimsisimka Muhsina. Hakuthubutu kugeuka. Hili hawakulifanyia mazoezi. Aliikazia macho kalamu inayotembea juu ya karatasi, akamwomba Mola wake amsitiri, na jasho likamtiririka mgongoni.

Mara kalamu ikaruka mkononi mwa Daktari Kheiria. Nesi akajishika kifua, mdomo wazi. Kisha wote wawili, pamoja, wakamtazama Muhsina.

Naye akawatazama wao, mmoja baada ya mwengine, asijue kilichowashtua. Alipogeuka alikuwa keshachelewa: sinia la chuma lilikuwa chini, na vyuma vilivyokuwamo vimetapakaa sakafu nzima.

Daktari Kheiria akavua miwani, akamsogezea uso karibu, akaufungua mdomo polepole kwa kila neno ili aweze kulisoma midomoni.

“Pole, Bi Muhsina. Siwezi kukurudisha kazini.”