Mchezo wa Kupotea

Mzee Hatibu hakuwa na gari, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na kielekezi, kile kidude cha sikioni ambacho sheria iliwavisha watoto wote tangu kuzaliwa, kiwanong'oneze njia wasipotee kamwe. Alikuwa na mchezo alioubuni mwenyewe: ubao wenye njia na kuta zilizofichwa chini ya vifuniko, kila mchezaji akiusaka mlango wa kutokea. Kilibaki kibali cha serikali tu, apate kuuuza.

Alasiri moja akawaita wanawe waujaribu.

"Vielekezi bakulini," aliamuru. "Visiwanong'oneze."

"Baba anataka kutuibia," alisema Raya.

"Tena mchana kweupe, mwanangu."

Walipotea, wakataniana, wakacheka hadi machozi. Raya akaenda kuleta chai, asirudi. Walimkuta ukumbini, katika nyumba alimozaliwa, akikodolea macho milango mitatu.

"Baba, jikoni ni wapi?"

Kaka zake wakamcheka.

"Haya, mwonyesheni," alisema Mzee.

Kicheko kikakatika.

Asubuhi Mzee aliifungua tena barua yake ya kuomba kibali. Alifuta neno "burudani", akaandika "mazoezi", akaifunga bahasha vizuri, akaipeleka posta mwenyewe, kwa miguu.