Marumaru Nyeupe ya Jikoni

Katika karakana ya fundi wa mawe, Melkiori alipitisha kiganja juu ya mabamba ya mawe ya kaunta za jikoni, asihisi hata ubaridi wake. Mkewe alizikwa kabla jiko jipya alilolitamani halijakamilika.

“Baba, mama alitaka marumaru nyeupe,” binti yake Edina alimkumbusha.

“Nyeupe ina kazi, mzee,” alisema fundi. “Ikimwagikiwa ndimu au chai, usipofuta papo hapo alama haitoki. Chukua nyeusi, haina usumbufu.”

“Nipe nyeupe. Nitafuta mwenyewe.”

Edina alimgeukia. Miaka yote ya ndoa, Melkiori hakuwahi kushika hata kitambaa cha jikoni.

Fundi alilimwagia jiwe jeupe maji ili wauone urembo wake. Melkiori akainama, akaanza kuyafuta kwa mkono wa shati, taratibu. Jiwe lilikauka, naye akaendelea kufuta.