Tarumbeta Kavu

Bendi ya rege iliteremka jukwaani jua likiwa la utosini, na bendi ya fanki ikapanda. Ligola alisimama mahali pake pa siku zote, kati ya saksafoni na tromboni. Jumanne alikuwa amemzika mkewe. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Utaweza, kaka?" aliuliza Tunu, mwimbaji na kiongozi wao.

"Nitaweza."

Wimbo ulipoanza aliinua tarumbeta akaiweka midomoni. Pumzi haikuja. Vidole vilibonyeza kila kilichopaswa kubonyezwa, mashavu yakavimba kwa mazoea, mwili ukayumba pamoja na wenzake, lakini hakutoa hata sauti moja. Alingoja mtu ageuke amtazame. Hakuna aliyegeuka. Umati wa tamasha ulirusha kofia juu ukataka wimbo mwingine, na mwingine tena. Walipiga nyimbo saba.

Nyuma ya jukwaa Tunu alimkumbatia, jasho likimtiririka. "Leo umepuliza, kaka! Wifi yangu amekusikia huko aliko."

"Ahsante," alisema Ligola.

Wapulizaji walichutama kwenye nyasi kumwaga mate yaliyojikusanya ndani ya vyombo vyao, kama wafanyavyo kila wakimaliza kupiga. Ligola naye alichutama. Alifungua kile kitundu cha tarumbeta, akaiinamisha, akangoja. Wenzake walimaliza, wakajifuta mikono, wakaenda kula. Yeye alibaki pale, ameiinamisha tarumbeta juu ya nyasi, akiangalia kitundu.