Beseni la Maua ya Buluu

Kila ilipofika siku ya kutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, Damari aliondoka kanisani mapema, kwa sababu hapo hakai mtu mwenye kinyongo. Miaka tisa. Leo, katika chumba cha wanawake kando ya kanisa, alichelewa kunyanyuka, na wifi yake Elisheba akawa ameshapiga magoti mbele yake na beseni la maua ya buluu. Lilikuwa la marehemu mama yake Damari, lile waliloligombea siku ya kuanua matanga.

“Wifi, lete mguu.”

“Maji ya baridi hayo?”

“Ya uvuguvugu. Mama hakupenda ya baridi.”

Damari akazamisha mguu. Chini ya maji maua yakaanza kuyumba, kama yanapepewa na mtu, na chumba kikanukia mchaichai wa jikoni kwa mama. Halafu akashuka kitini, akamkalisha Elisheba, naye akamwosha, polepole, kidole kwa kidole.

Wimbo ulipoanza kanisani, wenzao walimwaga maji yao kwenye mtaro wa mlangoni. Wao wawili wakalinyanyua beseni, maji yake yakinukia bado mchaichai wa mama, huyu huku na huyu kule, wakaupita mtaro bila kumwaga hata tone.